Madini yaipayo nuru nguvu chini ya bahari

Nuru ipitayo katika uzi wa kioo hufifia. Baada ya kilomita 100 husalia takriban asilimia moja tu. Zamani, mitambo iliyozamishwa baharini iliigeuza nuru hiyo kuwa umeme, ikaurekebisha, kisha ikaurejesha kuwa nuru. Ilikuwa kazi ya gharama kubwa, na kuongeza kasi kulihitaji mitambo mipya.

Mwaka 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiongozwa na David Payne, walitia chembe za madini ya erbiamu ndani ya uzi wenyewe. Zikichochewa kwa leza, chembe hizo huikuza nuru ipitapo, hata mawimbi kadhaa kwa mpigo. Ni jambo dogo kulieleza, ila matokeo yake twayaona hapa kwetu: waya wa TEAMS, uliounganisha Mombasa na Fujairah mwaka 2009, hutegemea vikuzaji vya aina hiyo. Kabla yake, intaneti yetu ilipitia setilaiti, kwa bei iliyowashinda wengi.