Seva ya Java katika Ofisi ya Chama: Nani Mtunzaji Wake?

Mali bila daftari, hupotea bila habari. Methali hii imewalea makatibu wengi wa vyama vyetu, nayo ndiyo iliyowafanya walitunze daftari la wanachama kuliko samani yoyote ya ofisi. Siku hizi, katika vyama vingi na hasa vile vya akiba na mikopo, daftari hilo halimo tena kabatini. Limo ndani ya kompyuta. Mabadiliko hayo ni mema, lakini yameleta swali ambalo mikutano yetu mikuu haijazoea kuliuliza: daftari hili jipya linaendeshwa na chombo gani, na nani anayekitunza chombo hicho?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza chombo kimoja kinachotumika sana katika kazi hiyo, yaani seva ya programu za Java, na kutoa mafunzo matatu kutoka kwa mashirika ya biashara yaliyotangulia kukitumia. Ndugu Katibu hahitaji kuwa fundi wa kompyuta ili ayaelewe. Ahitaji tu kuwa na jicho lile lile alilokuwa nalo alipokuwa akikagua mizani na stakabadhi.

SEVA YA PROGRAMU NI NINI?

Java ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Sifa yake kubwa ni kwamba programu iliyoandikwa kwa lugha hiyo huweza kuendeshwa katika kompyuta za aina mbalimbali bila ya kuandikwa upya. Mwishoni mwa mwaka 1999 zilitolewa kanuni za kuandika programu za biashara kwa Java, na kampuni kadhaa zikawa na seva zinazofuata kanuni hizo. Zilizopata sifa ni WebLogic, WebSphere, JBoss na GlassFish. Kadhalika ipo Tomcat, ambayo ni nyepesi zaidi kwa sababu hutekeleza sehemu tu ya kanuni hizo.

Ili tuielewe kazi ya seva, na tufikirie kituo cha kununulia mazao. Mkulima haingii ghalani mwenyewe na kulitupa gunia lake apendapo. Hupokewa mlangoni, mzigo wake hupimwa, karani huandika stakabadhi, ndipo mtunza ghala hufungua mlango. Seva ya programu ni kituo hicho. Mbele yake wapo makarani na wanachama wenye kompyuta na simu zao. Nyuma yake ipo hifadhidata, ambayo ndiyo ghala la kumbukumbu. Seva hupokea ombi, humtambua aliyeleta ombi hilo, hulikabidhi kwa programu ya akiba au ya mikopo, na husimamia kwamba muamala unatimia wote au haufanyiki kabisa. Haipasi fedha zitoke katika akiba ya mwanachama na zisifike katika marejesho ya mkopo wake.

Vyombo vya namna hii havituhusu kwa mbali tu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, ni programu ya Java inayoendeshwa juu ya Tomcat. Apache Fineract, programu huria ya kutunza hesabu za akiba na mikopo, nayo imeandikwa kwa Java. Kwa hiyo chama kinachonunua mfumo wa hesabu leo huenda kikanunua na seva ya Java ndani yake, hata kama muuzaji hakuitaja katika karatasi zake.

SOMO LA KWANZA: VIPIMO VYA KIWANDANI SI VIPIMO VYA KAZI

Malalamiko ambayo watumiaji wa seva hizi wamekuwa wakiyatoa mara kwa mara ni haya: mfumo ulikwenda vizuri siku ya majaribio, lakini ulikwama kazi ilipozidi. Aghalabu chanzo hakikuwa ubovu wa seva, bali ni kuiacha na vipimo ilivyotoka navyo kwa mtengenezaji.

Tuchukue GlassFish kwa mfano. Katika matoleo yake ya 3 na ya 4, seva hiyo ilisimikwa ikiwa imetengewa megabaiti 512 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kila kundi la njia za kufikia hifadhidata lilikuwa na njia zisizozidi 32. Vipimo hivyo vinamfaa mwanafunzi anayejifunza. Havikuwekwa kwa ajili ya chama chenye matawi na maelfu ya wanachama.

Njia hizo 32 ni kama funguo 32 za ghala. Kwa kawaida hutosha, kwa kuwa kila ombi huazima ufunguo kwa muda mfupi sana, kisha huurudisha. Lakini ikiwa mwandishi wa programu alisahau kuandika amri ya kuurudisha, basi kila ripoti itolewayo huondoka na ufunguo mmoja. Ukishachukuliwa ufunguo wa 32, ghala limefungwa. Ombi linalofuata husubiri sekunde 60, kisha hukataliwa. Karani hujua tu kwamba mtandao umekwama, na mwanachama aliyesafiri kutoka kijijini huambiwa arudi kesho.

Kumbukumbu nayo ina hadithi yake. Java hujifagilia yenyewe. Kila baada ya muda huondoa taarifa zisizohitajika tena ili kupata nafasi. Mtu akiomba ripoti ya mwisho wa mwezi inayozibeba hesabu za wanachama wote kwa mara moja, nafasi hujaa, na seva huanza kufagia mfululizo huku kazi nyingine zikisimama. Hali ikizidi, seva huacha kazi kabisa kwa kukosa kumbukumbu.

Dawa ambayo wengi wameizoea ni kuizima seva na kuiwasha tena. Ni kweli kwamba kufanya hivyo hurudisha funguo zote na kusafisha kumbukumbu, lakini ugonjwa hubaki pale pale. Chama kinachoiwasha upya seva yake kila asubuhi kina tatizo ambalo limefichwa, wala halijatibiwa. Linalompasa Ndugu Katibu ni kuandika saa ya tukio na kazi iliyokuwa ikifanyika, kisha kumtaka fundi alisome daftari la matukio ambalo seva hujiandikia yenyewe. Aghalabu humo ndimo lilimo jina la ugonjwa.

SOMO LA PILI: MWENYE KIWANDA HUWEZA KUONDOKA

GlassFish ilianzishwa na Sun mwaka 2005 kama programu huria. Mashirika mengi yaliipenda kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kupokea kanuni mpya za Java, na kwa kuwa aliyetaka aliweza kulipia huduma ya mafundi wa Sun. Mwezi Januari 2010, kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun. Oracle ilikuwa tayari na seva yake nyingine ya kuuza, yaani WebLogic, iliyoipata mwaka 2008 pamoja na kampuni ya BEA. Mwezi Novemba 2013 Oracle ikatangaza kwamba haitatoa tena huduma ya kibiashara kwa matoleo mapya ya GlassFish, kuanzia lile la 4.

Ndugu wanachama waelewe vema jambo hili. Seva haikufa, na msimbo wake ulibaki wazi kwa kila mtu. Lakini shirika lililokuwa limeweka juu yake hesabu za mishahara, bima au mauzo lilijikuta halina wa kumpigia simu usiku lipatwapo na shida. Baadhi yalihamia WebLogic na kulipa leseni. Baadhi yalihamia JBoss, ambayo toleo lake huria lilipewa jina jipya la WildFly. Mengine yaliipunguza kazi yao hadi ikatosha kwa Tomcat. Mwaka 2014 huko Uingereza ilitokea Payara, seva iliyojengwa juu ya GlassFish yenyewe na kuambatana na huduma ya kulipia. Baadaye Oracle iliikabidhi GlassFish kwa taasisi ya Eclipse Foundation, ambako uendelezaji wake uliendelea.

Nani alihama kwa wepesi? Ni yule ambaye programu yake ilifuata kanuni za pamoja za Java, bila ya kutegemea vitu vya pekee vya seva moja. Yule aliyejifunga kwa vitu vya mtengenezaji mmoja alilazimika kuandika upya sehemu za programu yake.

Hata kanuni zenyewe hubadilika. Oracle ilipozikabidhi kanuni hizo kwa Eclipse Foundation, jina lake likawa Jakarta EE, na katika toleo la 9 la mwaka 2020 majina ya ndani yaliyoanza kwa «javax» yalibadilishwa yakaanza kwa «jakarta». Kwa sababu hiyo, programu iliyoandikwa kwa ajili ya Tomcat 9 haiendi katika Tomcat 10 mpaka igeuzwe kwanza. Chama ambacho mwandishi wa programu yake amekwisha ondoka, na msimbo hakuuacha, hakina wa kuifanya kazi hiyo.

SOMO LA TATU: UFA HUANZA MAHALI PASIPOTAZAMWA

Tarehe 7 Machi 2017 yalitolewa marekebisho ya kuziba kasoro ya hatari katika Apache Struts, kipande cha programu kinachotumiwa na mifumo mingi ya Java. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za ukopaji wa watu, ilipata habari hizo, na agizo la kuziba likatolewa ndani ya kampuni. Hata hivyo mfumo mmoja ulisahauliwa. Kuanzia mwezi Mei hadi Julai mwaka huo, wezi waliingia kupitia mfumo huo na kuchukua taarifa za watu wapatao milioni 147. Marekebisho yalikuwepo, tena bila malipo. Kilichokosekana ni orodha kamili ya kuonyesha ni mashine ipi yenye kipande kipi.

Somo hilo lilirudi mwezi Desemba 2021, ilipotangazwa kasoro katika Log4j, kipande cha Java kinachoandika daftari la matukio. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Duniani kote mafundi walikesha wakiuliza swali moja: je, sisi tunacho, na kiko wapi? Mashirika yaliyokuwa na orodha yalipata pa kuanzia. Yasiyokuwa nayo yalilazimika kwanza kupekua mashine moja baada ya nyingine.

Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina, namba za vitambulisho, simu na mikopo ya wanachama ni amana mkononi mwa chama, na chama hakiwezi kujitetea kwa kusema kwamba muuzaji wa mfumo ndiye ajuaye.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kutokana na mafunzo hayo, kamati ya chama yapasa ipate majibu ya maandishi kwa maswali yafuatayo, na majibu hayo yahifadhiwe pamoja na mkataba:

(a) Mfumo huu unaendeshwa juu ya seva gani, toleo la ngapi, na Java toleo la ngapi? Matoleo hayo yatatunzwa na mtengenezaji hadi mwaka gani?

(b) Ipo orodha ya vipande vyote vilivyomo ndani ya mfumo? Nani anafuatilia matangazo ya kasoro, na ataziba ndani ya siku ngapi?

(c) Vipimo vya kumbukumbu na vya njia za hifadhidata vimewekwa kwa idadi gani ya watumiaji? Je, vilijaribiwa kwa kazi ya mwisho wa mwezi?

(d) Nywila za usimamizi zimebadilishwa kutoka zile za kiwandani? Nani anazijua, na nani atazibadilisha fundi akiondoka?

(e) Nakala rudufu ya hifadhidata inatunzwa wapi? Ni lini mara ya mwisho ilipojaribiwa kwa kurudishwa katika kompyuta nyingine hadi daftari likafunguka na hesabu zikalingana?

(f) Muuzaji akifunga duka, chama kitapata msimbo na data yake kwa njia gani?

Isidhaniwe kwamba makala haya yanawatisha wanachama waikimbie kompyuta. Seva za Java zimebeba kazi za benki na serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa kazi iliyo kubwa ni vyombo imara. Wala isidhaniwe kwamba programu huria haina gharama. Haina ada ya leseni, lakini matunzo yake yana gharama, nayo yapasa yaingizwe katika makisio ya kila mwaka kama yanavyoingizwa matengenezo ya ghala na ya gari. Chama ambacho makisio yake yana fungu la kununulia mfumo na hayana fungu la kuutunza kimenunua nusu ya kitu.

Mkaguzi akifika chamani, ataomba kuonyeshwa majibu ya maswali hayo sita kama anavyoomba kuonyeshwa kitabu cha fedha. Swali la (e) hataridhika nalo kwa maneno. Atataka kuiona nakala ikifunguka mbele yake. Ndugu Katibu asisubiri siku hiyo. Na aanze katika kikao kijacho cha kamati, kwa kumteua mtu mmoja mwenye jina na sahihi awe mtunzaji wa mfumo, na uteuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za kikao.