Karatasi ya Zahanati na Safari ya Chuo Kikuu

Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, kijana mwenye nguvu hakosi kibarua cha siku. Atavuta kamba kwenye duara, atalisha karasha mawe, ataokota magwangala, au atashinda kwenye mwalo akichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Ujira, hata ukiwa mdogo, hauna haja ya kungojwa miaka mitano. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 iliyohusu Geita, Kahama na Chunya, liliwakuta kazini humo watoto wenye umri wa kuanzia miaka minane. Chuo kinashindana na machimbo hayo, na kinaanza mashindano kikiwa nyuma.

Upande wa fedha, mambo yamebadilika kwa kiasi ambacho wazazi wengi wa vijijini bado hawajakisikia. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata katika mwaka wa fedha 2022/2023. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hukopesha ada, chakula na malazi, vitabu na gharama za mafunzo kwa vitendo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imefikia pia ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo. Hilo si dogo kwa mikoa hii. Mwenye ufaulu wa kidato cha nne katika kemia, biolojia na fizikia anaweza kusomea utabibu kwa miaka mitatu, pengine karibu na kwao kama Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, bila kusubiri kidato cha sita wala safari ya Dar es Salaam.

Mkopo, hata hivyo, hutolewa kwa uhitaji, na uhitaji huthibitishwa kwa maandishi. Hapo ndipo mtoto wa mchimbaji mdogo anapokwama, na hapo ndipo mhudumu wa afya anapoingia katika habari hii, mara nyingi bila kujua.

Hati ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku tisini. Muda huo ukipita, msajili hudai ushahidi zaidi: tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, cheti cha shule. Familia iliyohama mara nne ikifuata mlipuko wa dhahabu haina kabati la kutunzia vitu hivyo. Mkakati wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na baadaye kufika Geita na Shinyanga, ulileta nafuu kubwa kwa sababu cheti hutolewa bila malipo katika kituo cha tiba au ofisi ya kata, siku ile ile mtoto anapoletwa chanjo. Lakini watoto hao bado wako shule. Wanaoomba mikopo leo walizaliwa kabla ya nafuu hiyo kufika, wengi wao kwa mkunga wa jadi, na wengine katika zahanati ambayo rejista yake ya mwaka ule haipatikani tena.

Kuna pia suala la majina, na kwa Wasukuma lina utata wake. Mama hutamka Ng'wandu, muuguzi mgeni aliyetoka mkoa mwingine huandika Mwandu. Nyumbani mtoto huitwa jina la babu, shuleni huandikishwa jina la ubatizo, na kadi ya kliniki ina jina la tatu. Miaka kumi na minane baadaye mfumo wa maombi kwenye kompyuta hautambui kwamba majina hayo matatu ni ya mtu mmoja. Itabidi ziandaliwe hati za kisheria za kubadili jina, kwa gharama na nauli, katika wiki chache ambazo dirisha la maombi liko wazi. Dakika mbili za kumwuliza mama herufi kwa herufi, na kumsomea kilichoandikwa kabla hajaondoka, zingeondoa adha hiyo yote.

Hati ya pili ni nzito zaidi. Yatima hupewa kipaumbele, lakini lazima aoneshe cheti cha kifo cha mzazi. Vifo vya machimboni havina utaratibu mzuri. Duara huporomoka usiku. Au mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi hurudishwa kijijini akikohoa, mapafu yamechakaa, kifua kikuu kimejiongeza juu yake, naye hufia nyumbani na kuzikwa kesho yake. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku thelathini. Katika msiba, nani anakumbuka? Mjane hana urithi wa kugombania wala akaunti ya kufunga benki, hivyo haoni kazi ya cheti, wala hakuna mtu anayemweleza kwamba mtoto aliyembeba mgongoni atakihitaji. Kituo kilichotoa kibali cha mazishi ndicho mara nyingi cha mwisho kukutana na familia hiyo kabla haijatawanyika, na sentensi moja ya ushauri inafaa itamkwe hapo.

Ya tatu ni fomu ya ulemavu, wa mwombaji mwenyewe au wa mzazi wake, ambayo huidhinishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo machimboni, na ambaye hajawahi kuandikiwa chochote zaidi ya daftari la kliniki, huanza upya: vipimo, maelezo, safari ya wilayani. Daktari anayemruhusu mgonjwa wa namna hiyo kutoka wodini anaweza kuandika muhtasari kamili na kumwagiza autunze.

Kaya zilizo katika mpango wa TASAF zina njia nyepesi kidogo, kwa kuwa uhitaji wao umekwisha kutambuliwa. Ni vema mzazi ajue namba ya kaya yake na kumpa mtoto.

Wazazi huuliza pia kama deni litamfunga kijana maisha. Makato kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha deni kila mwaka, ilitangazwa kufutwa Mei Mosi 2021 jijini Mwanza. Ajira yenyewe haina uhakika; wapo wahitimu wa afya wanaosubiri nafasi muda mrefu huku zahanati za vijijini zikiwa na muuguzi mmoja. Hata hivyo mshahara wa tabibu huja kila mwezi, iwe mwamba umetoa dhahabu au haukutoa, na kwa kawaida mdogo wake ndiye wa kwanza kununuliwa sare kutoka humo.

Kwa wenye watoto walio kidato cha tatu sasa, muda bado upo. Cheti cha kuzaliwa kiombwe mwaka huu, majina yalinganishwe na yale ya shule kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, na aliyefiwa apite kwa msajili wa wilaya akiwa na kibali cha mazishi au barua ya mtendaji wa kijiji.