Kwa nini nyonga bandia hutobolewa kama tumbawe la Kilwa

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

MGENI anayezuru magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ujenzi wake wa awali ni wa karne ya 11 hadi ya 12, hukuta mawe mepesi yaliyojaa vitundu. Hayo ni matumbawe ya jamii ya Porites. Mafundi wa kale waliyakata baharini yakiwa laini, wakayachonga, nayo yakawa magumu baada ya kukauka.

Muundo wa namna hiyo, wenye matundu yanayopitana, ndio ambao wahandisi wa viungo bandia wanauiga leo katika metali. Mwaka 1974, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa tumbawe linaweza kugeuzwa kuwa madini yanayofanana na ya mfupa bila kupoteza vitundu vyake.

Jambo hili lina uzito kwa mkazi wa Lindi ambaye nyonga yake imeharibika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi mjini. Iwapo kiungo bandia kitalegea, mgonjwa atalazimika kurudi kufanyiwa upasuaji wa pili, ambao ni mgumu kuliko wa kwanza kwa kuwa mfupa uliobaki ni mchache.

Sababu mojawapo ya kulegea ni metali kuwa kakamavu mno. Ukakamavu wa aloi ya titaniamu inayotumika sana hospitalini ni kiasi cha gigapaskali 110, ilhali ule wa ganda gumu la mfupa ni kati ya 10 na 20 hivi. Viwili hivyo vikibeba mzigo pamoja, metali hujitwika sehemu kubwa na mfupa hubaki bila kazi.

Mfupa usio na kazi hupungua. Kanuni hiyo ilielezwa mwaka 1892 na daktari wa Ujerumani, Julius Wolff, kwamba mfupa hujijenga panapokuwa na mzigo na hujipunguza mzigo unapoondoka.

Dawa yake ni kuitoboa metali. Kwa mujibu wa kanuni ya wanasayansi Lorna Gibson na Michael Ashby, metali ya kimia ambayo vijiti vyake hupinda inapobeba mzigo hupoteza ukakamavu haraka kuliko inavyopoteza uzito. Ukibakiza nusu ya metali, ukakamavu hubaki robo. Ukibakiza asilimia 40, ukakamavu hushuka hadi asilimia 16, yaani gigapaskali 18 hivi, sawa na mfupa.

Aidha, matundu yenye upana wa sehemu chache za kumi za milimita huruhusu mishipa ya damu na mfupa mpya kuingia ndani, na hivyo kiungo hujishika chenyewe. Printa zinazoyeyusha unga wa metali tabaka kwa tabaka ndizo zilizowezesha kazi hiyo.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Kimia chenye asilimia 40 ya metali hubakiwa na takriban robo tu ya uimara wake. Nyonga ya mtu anayetembea hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wake, na kila mguu hupiga hatua zipatazo milioni moja kwa mwaka. Katika vijiti vyembamba, mkwaruzo mdogo au chembe ya unga isiyoyeyuka vizuri yaweza kuwa chanzo cha ufa unaokua taratibu hadi kijiti kukatika.

Ndiyo maana viungo vingi huachwa na kiini kizima kinachobeba mzigo, na kimia huwekwa sehemu inayogusana na mfupa pekee.

Kwa mgonjwa, somo ni kwamba chuma kigumu kuliko vyote si lazima kiwe bora kuliko vyote. Ni vema, kabla ya upasuaji, amuulize daktari wake kiungo atakachowekewa hushikana na mfupa kwa njia gani, lini aanze kuukanyagia mguu, na lini arudi kupigwa picha ya eksirei. Kulegea kukigunduliwa mapema, mfupa wa kutengenezea bado upo.