Kujitolea si kufanyishwa kazi bure

Neno kujitolea limetumiwa ovyo miongoni mwetu hata maana yake imeanza kufifia. Mwalimu aliyehitimu, ambaye angali anasubiri ajira, huambiwa ajitolee. Naye akafundisha vipindi vyote vya mwalimu mwajiriwa, muhula baada ya muhula, pasi na mshahara. Mwanafunzi naye huambiwa ajitolee, akakabidhiwa ufagio. Si ajabu basi kuwa vijana wengi walisikiapo neno hili hushuku kwamba kuna mtu anayelitaka jasho lao bila ya kulilipia.

Ilhali sarufi ya neno lenyewe yatufunza mengine. Shina lake ni toa. Likinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa tolea, yaani kutoa kwa ajili ya fulani. Kisha hutanguliwa na ji- ya kirejeshi, ambayo humwonyesha mtoaji kuwa ndiye pia kitolewacho. Anayejitolea, kwa hivyo, huitoa nafsi yake mwenyewe, kwa hiari yake. Hatusemi kuwa fulani "amejitolewa" na mkubwa wake. Sarufi inakataa, na akili nayo inakataa.

Mahali pamoja panapoidhihirisha maana hiyo ni katika nyumba za samaki, zile ambazo wageni huziita akwaria. Haya ni majengo yenye matangi makubwa ya vioo, ambamo samaki na viumbe wengine wa majini hufugwa ili umma upate kuwatazama na kujifunza. Nyumba ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa mwaka 1853 katika bustani ya wanyama ya London. Tangu hapo zimeenea duniani, na nyingi kati yazo hutegemea sana watu wa kujitolea.

Tuchukue mfano wa ile ya Monterey, katika jimbo la California, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1984 pale palipokuwa na kiwanda cha kutia samaki mikebeni. Huko, wanaojitolea hufunzwa kwanza, ndipo wakaruhusiwa kusimama mbele ya vioo na kuwaeleza wageni wanachokiona. Wengine ni wapiga mbizi. Huingia katika tangi lenye kina cha zaidi ya mita 8, wakasafisha vioo, wakawalisha samaki, na kupitia chombo cha sauti kilichomo katika barakoa mpiga mbizi akayajibu maswali ya watoto walioketi nje.

Yafaa tuutambue mpaka uliowekwa hapo. Daktari wa wanyama hulipwa mshahara. Fundi wa pampu za maji hulipwa mshahara. Mtaalamu anayewatunza samaki hulipwa mshahara. Anayejitolea haji kuchukua nafasi ya hao. Huja kuongeza juu ya kazi yao. Ana zamu inayojulikana, ana mafunzo, na kuna mambo asiyoruhusiwa kuyagusa. Na kazi kubwa anayoifanya mbele ya kioo ni kazi ya lugha: huyachukua maarifa ya mtaalamu akayageuza kuwa maneno ambayo mtoto wa miaka saba atayaelewa. Mwalimu yeyote anajua ugumu wa kazi hiyo.

Nyumba ya samaki ya Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 1995, inatupa funzo jingine. Makinda wa kasa wanaoanguliwa katika fuo za kaskazini ya KwaZulu-Natal huchukuliwa na mkondo wa bahari hadi kusini, ambako baridi huwalegeza na mawimbi yakawatupa pwani. Wapita njia huwaokota, wakawafikisha mahali pa kutunzwa. Mtu mwenye huruma, amwonapo kasa mchanga juu ya mchanga, hutaka kumrudisha majini mara moja. Wataalamu wanaonya: usimtie majini; mweke mkavu ndani ya sanduku, kisha uwaite wanaojua. Huruma isiyo na maarifa ingemwua kiumbe yule yule aliyekusudiwa kuokolewa. Ndiyo sababu kujitolea hakutengani na kusoma.

Je, sisi tuko wapi? Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Huko Watamu, tangu mwaka 1997, pamekuwa na mradi wa kuwaokoa kasa ambapo mvuvi aliyemnasa kasa wavuni kwa bahati mbaya hutoa habari badala ya kumchinja. Kasa akapimwa, akatiwa alama na kuachiliwa. Kule Nungwi, Unguja, wanakijiji walilitumia dimbwi la asili linalojazwa na maji ya bahari, wakaanzisha mwaka 1993 mahali pa kuwatunzia kasa walionaswa nyavuni. Hapakuhitajika tangi la kioo la mamilioni ya shilingi. Palihitajika dimbwi, watu na nia.

Msomaji wa bara yamkini atauliza: haya ya samaki wa baharini yananihusu nini? Namjibu kwa tashbihi moja. Wanafunzi wetu, kutoka Busia hadi Garissa, huandika katika insha zao kuwa fulani alilala usingizi wa pono. Ni wangapi kati yao wamewahi kumwona pono? Ni walimu wangapi wanaoweza kueleza kwa nini ni pono, wala si changu au kolekole? Pono ni samaki wa matumbawe mwenye mdomo mithili ya wa kasuku. Usiku hulala fofofo, na baadhi ya aina zake hujifunika kwa utando wa ute wanaoutoa mwilini. Mchana huguguna matumbawe, akayasaga na kuyatoa yakiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga pwani imepita tumboni mwake. Wavuvi walioubuni msemo huo walikuwa wameitazama bahari kwa makini. Sisi tumeurithi msemo, tukaupoteza utazamaji.

Pengo hilo ndilo ambalo vijana wetu wa kujitolea wangeliziba. Sipendekezi tujenge kasri la vioo. Napendekeza kwamba pale penye dimbwi, hifadhi au tangi dogo tu, mwanafunzi wa pwani apewe nafasi wakati wa likizo ya kuwaeleza wenzake wa bara, kwa Kiswahili, tofauti ya tafi na chewa, ya kasa na ng'amba, na kwa nini bunju haliwi ovyo. Mvuvi mzee na mwalimu wa sayansi wamfunze pamoja. Mmoja atoe majina na tabia, mwingine atoe sababu. Mtaala wa Umilisi unazungumzia mafunzo ya huduma kwa jamii. Hii ni huduma, na ni somo la lugha pia.

Lakini masharti yawe wazi. Kijana apewe mafunzo kabla ya kazi, nauli na chakula siku ya zamu, na barua ya kuthibitisha alichokifanya. Asifanywe mlinzi wala mfagizi kwa kisingizio cha uzalendo. Na mahali panapohitaji mwajiriwa, paajiriwe mtu.

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kuwa kutoa ni amri. Walimu, tukitaka vijana waitoe nafsi yao kwa hiari, na tuwape kwanza kitu kinachostahili kutolewa: ujuzi, na maneno ya kuueleza.