Fimbo ya kuvulia imekatika? Angalia kwanza imekatikia wapi

Mlango wa gari ukifungwa bila kuangalia, fimbo ya kuvulia inakatika mara moja. Wengine huivunja samaki akiwa tayari kwenye ndoana: wanainyanyua mpaka inasimama wima, uzito wote unahamia kwenye ncha nyembamba, na hapo fimbo na samaki vinakwenda pamoja.

Kabla ya kuitupa, angalia imekatikia wapi.

Kama ni vidole vitatu au vinne kutoka nchani, una bahati. Pasha moto kidogo shingo ya ile pete ya mwisho kwa kiberiti cha gesi. Gundi ikilegea, toa kipande kilichobaki ndani kwa koleo. Moto usikae sana, na usiguse fimbo yenyewe, maana utomvu unaoshikanisha nyuzi zake hulegea.

Sasa hapa wengi wanakosea. Fimbo huongezeka unene kadiri unavyoshuka, kwa hiyo pete ya zamani haitaingia. Wanachukua kisu na kuichonga fimbo kama penseli. Usifanye hivyo, unaondoa nguvu yake yote. Beba fimbo dukani utafute pete yenye tundu kubwa zaidi linaloenea pale ilipokatikia. Itakuwa ngumu kidogo kupinda, na samaki mdogo akidonoa hutamsikia vizuri kama zamani, lakini inavua.

Ikikatikia katikati, kazi ni kubwa. Fimbo nyingi zina uwazi ndani. Zungushia utepe wa gundi mahali pa kukata ili zisipasuke, kisha nyoosha ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Tafuta kipande cha fimbo kuukuu ya faibaglasi kinachoingia ndani kwa kubana, walau sentimita 5 kila upande, na zaidi kama fimbo ni nene. Kipake epoksi, ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Supa gluu haifai, ikikauka haipindi, inapasuka.

Kabla gundi haijashika, funga jicho moja na uangalie kutoka kwenye mpini kama pete zote zimekaa mstari mmoja. Ukishaunga, zungushia uzi imara juu ya kiungo, upake epoksi tena, uache mpaka kesho. Ile gundi ya dakika tano inavutia, lakini kwa kazi hii ya kukauka taratibu ndiyo yenye nguvu.

Fimbo za kaboni ni nyepesi kuliko za faibaglasi, ila zikivunjika mara nyingi zinachanika kwa urefu. Fuata ufa mpaka mwisho wake ndipo ukate. Unapopiga msasa, lowesha maji na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Fimbo iliyoungwa itavua perege au changu bila shida. Usimpelekee kolekole mkubwa au nguru. Kiungo ni kigumu kuliko sehemu nyingine, na mzigo ukizidi huvunjika jirani yake.

Ikikatikia karibu na mpini, achana na kuunga. Rili yake bado ni nzima, itafungwa kwenye fimbo nyingine. Kipande cha juu kinaweza kuwa fimbo fupi ya kuvulia ukiwa kwenye boti. Mpini unafaa kwa kulabu au wavu wa kuopolea samaki. Mshipi wenyewe, ukiuzungushia kwenye chupa ya plastiki, ni mshipi wa mkono kama ule ambao wavuvi wengi wa pwani wanautumia hadi leo, bila fimbo yoyote.

Pete chomoa uweke. Pitisha pamba ndani ya kila moja. Ikinasa nyuzi za pamba, kauri yake ina ufa na itakata mshipi.

Kitu kimoja tu: kipande kirefu cha kaboni kisigeuzwe mti wa kuangulia maembe. Kaboni inapitisha umeme, na miembe mingi iko karibu na nyaya. Kwa sababu hiyo hiyo, radi ikianza kunguruma laza fimbo chini, iwe nzima au ya kuungwa, uondoke ufukweni.