Nyongeza Katika Chakula cha Kuku

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni, leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulitolea fedha bila kulifahamu vema, nalo ni nyongeza za chakula cha kuku. Siku hizi katika maduka ya dawa za mifugo, na hata katika magulio ya vijijini, huuzwa unga na maji ya rangi mbalimbali. Mwenye kuku huambiwa: tia kijiko kimoja katika maji yao, nao watanenepa. Katika vitu hivyo kuna vilivyo na faida kubwa, kuna visivyo na kazi yo yote, na kuna vinavyoweza kumdhuru hata mtu atakayeila nyama. Basi yatupasa kujua kuvipambanua.

Tumewafikiria hasa watu wa Muze na jirani zao wa bonde la Rukwa. Mtu atokaye Sumbawanga, katika nchi ya juu ya Ufipa yenye baridi, hushuka ukingo mkubwa wa Lyamba lya Mfipa, akafika bondeni penye joto kali. Huko hulimwa mahindi, mpunga, ufuta, alizeti na karanga, na samaki hupatikana katika Ziwa Rukwa. Maana yake ni kwamba chakula cha kuku karibu chote kipo. Kilichobaki ni kujua ni kitu gani kimepungua katika chakula hicho, kwa kuwa nyongeza hufanya kazi mahali penye upungufu tu. Debe lililojaa halijazwi tena.

KUKU WA JAVA

Neno hili twaweza kulithibitisha kwa habari ya kweli. Zamani katika kisiwa cha Java, ambacho sasa ni sehemu ya nchi ya Indonesia, watu wengi walikufa kwa maradhi ya beriberi, yanayolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alitumwa huko mwaka 1886 pamoja na wenzake wachunguze sababu. Wote walidhani kuwa ni kijidudu.

Eijkman alikuwa na kuku katika maabara yake. Siku moja kuku hao walianza kuyumba, miguu ikalegea, vichwa vikapinda nyuma, na wengine wakafa. Baadaye waliosalia wakapona wenyewe, wala hakuna dawa waliyopewa. Alipouliza, aliambiwa kwamba kwa muda kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mwingine, naye akakataa wali wa askari kupewa kuku wa raia. Ndipo kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona.

Hapo kwanza Eijkman alidhani kwamba wali mweupe una sumu. Mwaka 1901 mwenzake, Gerrit Grijns, alieleza vizuri zaidi, kwamba katika wali mweupe hakuna sumu, bali kuna kitu kilichopungua. Kitu hicho kimo katika ile pumba laini inayotoka mchele unapokobolewa. Leo twakiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel, na asili yake ni kuku waliokula makombo.

Watu wa Muze wanaolima mpunga na wauangalie mfano huu. Ile pumba laini ya mchele iliyo mbichi ina vitu ambavyo wengine huvinunua dukani katika chupa. Lakini isiwekwe siku nyingi, maana ina mafuta nayo huchacha upesi. Tena isichanganywe na makapi magumu ya mpunga, ambayo hayana chakula ndani yake.

UPUNGUFU WA KAWAIDA

Upungufu wa kwanza ni wa chakula cha kujenga mwili, kiitwacho protini. Katika kilo 100 za mahindi mna kilo 8 au 9 tu za protini, hali kifaranga wa kuku wa nyama anahitaji chakula chenye kilo 22 hivi katika kila 100. Kwa hiyo kifaranga alishwaye mahindi matupu hushiba asikue. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtu achukua kilo 8 za mahindi yaliyosagwa, yenye protini sehemu 9 katika mia, akatia kilo 2 za dagaa wakavu wenye protini sehemu 50 katika mia. Mahindi yatatoa gramu 720, dagaa gramu 1,000, jumla gramu 1,720 katika kilo 10. Sasa ni sehemu 17 katika mia, karibu mara mbili ya mahindi peke yake. Haijafika 22, lakini kwa kuku wa kienyeji ni chakula chema sana.

Dagaa hao hutoka Ziwa Tanganyika, katika forodha za Kasanga na Kirando. Yafaa kuwachagua wasio na mchanga wala chumvi nyingi, kwa sababu chumvi ikizidi huua kuku. Mashudu ya alizeti na ya ufuta pia ni mazuri. Soya nazo zina protini nyingi, lakini lazima zikaangwe au zichemshwe kwanza, kwani soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisiimeng'enye protini. Wadudu nao ni chakula bora. Bonde la Rukwa lajulikana kuwa mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na mwaka 1949 shirika la kupigana nao liliwekwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika nchi ya Zambia. Kuku hufurahia nzige, ila nzige walionyunyiziwa dawa wasipewe kabisa.

Upungufu wa pili ni wa chokaa. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na kuku asipoipata katika chakula huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Kwa hiyo kuku atagaye hufaa kupewa maganda ya mayai yaliyochomwa kidogo na kusagwa, au unga wa mifupa, au maganda ya konokono. Lakini vifaranga wasipewe chokaa nyingi kama mitetea itagayo, kwa sababu huharibu mafigo yao. Kitu kile kile kimfaacho mama humdhuru mtoto, na hapo mwaona kwa nini twasema mtu aujue upungufu kabla ya kununua nyongeza.

Upungufu wa tatu ni wa vitamini. Mahindi meupe karibu hayana vitamini A, na kuku akiikosa macho huvimba na kutoa utando. Dawa yake ni majani mabichi: mchicha, majani ya mlonge, au matembele, yakatwe vipande vidogo. Kifaranga aliyefungiwa gizani miguu hulainika kwa kukosa vitamini D, ambayo mwili huifanya kwa jua. Kuku wa kienyeji atembeaye uwanjani huyapata haya yote mwenyewe. Kuku wa nyama aliyefungiwa bandani hana mahali pa kuyatafuta, na kwake yeye mchanganyiko wa vitamini na madini unaonunuliwa si anasa.

JOTO LA BONDENI

Mfano mwingine ni vitamini C. Mwili wa mwanadamu hauwezi kuifanya, lakini kuku huifanya mwilini mwake. Kwa hiyo mfuga kuku wa Sumbawanga mjini, penye ubaridi, hana haja ya kuinunua. Mwenzake wa Muze mambo yake ni mengine. Kuku hatoki jasho. Joto likizidi huhema kwa kinywa wazi, huacha kula, na vitamini ile huitumia kuliko anavyoiweza kuifanya. Katika siku hizo vitamini C kidogo katika maji imeonekana kusaidia. Unga ni ule ule, ila huku juu ni fedha iliyotupwa, na kule bondeni wakati wa joto una kazi.

Hata hivyo, kabla ya unga huo kuna mambo yasiyonunuliwa: maji baridi yanayobadilishwa mara nyingi, banda lenye paa la nyasi na pande zilizo wazi, na chakula kitolewe alfajiri na jioni. Asiyetenda hayo, vitamini haitamsaidia.

DAWA SI CHAKULA

Sasa twafika kwenye neno zito. Miaka ya 1948 hadi 1950 huko Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad waliona kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya kutengeneza dawa iitwayo aureomisini walikua upesi kuliko wenzao. Dawa hiyo ni ya kuua vijidudu, ya jamii ya antibiotiki. Wafugaji wa nchi nyingi wakaanza kuitia kidogo kidogo katika chakula cha kila siku, ingawa kuku hawakuwa na maradhi.

Madhara yakaonekana baadaye. Dawa ikiwa kidogo, vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu vikabaki na kuzaana, mpaka dawa ile isivitishe tena. Vijidudu hivyo hupita kwa mtu kwa njia ya nyama, mikono na maji machafu. Siku mtoto wa nyumba ile augue, daktari humpa dawa ya jamii ile ile, nayo isifanye kazi. Kwa sababu hiyo Sweden ilikataza desturi hiyo mwaka 1986, nchi zote za Umoja wa Ulaya zikaikomesha mwaka 2006, na mwaka 2017 Marekani nayo ikazuia kukuzia wanyama kwa dawa zile zinazohitajiwa na wanadamu.

Kwa hiyo, msinunue unga wa kunenepesha kuku kabla ya kujua ndani yake mna nini. Kama ni antibiotiki, itumike kwa kuku wagonjwa tu, kwa agizo la afisa mifugo, na kwa siku zote alizozisema. Kisha zingojwe siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa kabla ya kuchinja au kula mayai.

Tena nyongeza haiondoi sumu iliyomo katika chakula kibovu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika Uingereza, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walilishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya ukungu, ambayo leo twaiita sumukuvu. Wengi husema kwamba mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa watu, yapewe kuku. Hilo si jema. Kuku hudhoofika maini, na wengine hufa.

Wala hakuna unga uzuiao mdondo, yaani kideri. Maradhi haya yaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na kinga yake ni chanjo tu. Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo asili yake ni uchunguzi uliofanywa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Nayo hutengenezwa hapa nchini. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo lenye maana kubwa kwa vijiji vya bondeni vilivyo mbali na barafu. Kuku mzima hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

JINSI YA KUJARIBU

Huenda mtu akauliza: nitajuaje kama unga huu wafaa? Njia ni ile ile inayofuatwa na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro, na wa Mpwapwa, ambako maabara ya maradhi ya wanyama ilifunguliwa tangu mwaka 1905. Wanafunzi wa shule nao waweza kuifuata.

Chukueni vifaranga 20 walioanguliwa siku moja. Wagawanyeni makundi mawili ya kumi kumi bila kuchagua wakubwa upande mmoja. Banda liwe moja lililokatwa katikati, chakula kimoja, maji yale yale. Kundi moja lipewe unga, la pili lisipewe, na tofauti nyingine isiwepo. Kila juma wapimeni kwa mizani, mkaandika uzito, chakula kilicholiwa, na waliokufa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho fanyeni hesabu. Tuseme unga uligharimu shilingi 4,000, na kuku wote kumi wa kundi la unga wamezidi wenzao kwa nusu kilo tu. Je, nusu kilo ya nyama yauzwa kwa shilingi 4,000? Kama sivyo, unga umewanenepesha kuku na kumkondesha mwenye kuku. Tena msiridhike na jaribio moja, kwani kuku kumi ni wachache, na bahati yaweza kuwadanganya. Rudieni mara ya pili na ya tatu.

Asiyeweza kufanya jaribio na akumbuke utaratibu huu: kwanza maji safi na banda lenye hewa, pili chanjo, tatu chakula kikavu kisicho na ukungu chenye protini ya kutosha, nne majani mabichi na chokaa. Akiisha kutimiza hayo manne, ndipo aulize kama bado kuna upungufu, na auulize kwa afisa mifugo kabla ya kumwuliza mwenye duka.