Mto Karura: Matembezi mazuri yaliyopatikana kwa jasho

KWA mkazi wa Nairobi aliyechoshwa na honi za matatu, safari ya kwenda kupunga hewa ukingoni mwa mto haihitaji maandalizi makubwa. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, umo kaskazini mwa jiji, na wageni huingia kupitia malango yaliyo katika Barabara ya Limuru na ile ya Kiambu.

Baada ya kulipa ada ya kiingilio, mtembezi hufuata njia ya udongo inayoambatana na Mto Karura. Kivuli ni cha kutosha, na mara kwa mara huonekana tumbili wakirukaruka matawini.

Kivutio kikuu ni maporomoko ya maji. Eneo hilo limekalia miamba migumu iliyotokana na volkano za kale. Mto hauwezi kuichimba miamba hiyo upesi, hivyo maji yafikapo ukingoni mwake hujitupa chini kwa kishindo. Kando ya mto mna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kama maficho katika miaka ya 1950.

Hata hivyo, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu za msitu huu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti humo kupinga unyakuzi huo. Miaka mitano baadaye, mnamo 2004, mwanamazingira huyo alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Umuhimu wa msitu huo kwa mto si kivuli pekee. Majani hupunguza nguvu ya matone ya mvua, nayo mizizi hushikilia udongo na kuyafanya maji yapenye ardhini badala ya kutiririka kwa kasi. Maji hayo ya ardhini ndiyo huulisha mto polepole wakati wa kiangazi.

Lakini msitu hauwezi kuyasafisha yote. Mto huu hupitia makazi ya watu kabla ya kuingia Karura, na hubeba uchafu unaoelekezwa humo. Ndiyo maana mtembezi hafai kuyanywa maji yake wala kuogelea, hata yakionekana maangavu kiasi gani.

Kanuni za maji za mwaka wa 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kwa kutegemea upana wake, kuwa eneo la kulindwa. Licha ya hayo, majengo yamezidi kusongea kingo za mito mingi jijini. Ua la Karura laweza kuzuia wanyakuzi wa ardhi, ila haliwezi kuyazuia majitaka yatokayo juu.

Na uchafu huo hauishii Nairobi. Maji ya Karura hatimaye hujiunga na Mto Nairobi, kisha Athi, na kumwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Hivyo, chupa ya plastiki inayoachwa njiani Karura yaweza kuwa mzigo wa mvuvi wa Pwani.